Mpini Juu ya Chungu

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado wanapiga hodi kabla ya kuingia kwa jirani, na kiboko hajajua jasho lina ladha gani, palikuwa na bonde likiitwa Manyasi. Kaeni vizuri. Wewe uliyemkalia mwenzio mguu, sogea, maana hadithi hii inaanza na mguu uliokanyagwa.

Mwenyekiti wa baraza la bonde lile alikuwa Mheshimiwa Kiboko. Alikuwa mkubwa kweli, lakini msimsifu, ukubwa ule hakuutafuta, alizaliwa nao. Makamu wake alikuwa Nyati, ambaye kila baraza lilipokaa alikitazama kiti cha Kiboko kwa jicho la pembeni. Karani alikuwa Fisi. Fisi aliandika sheria kwenye magome ya miti, akala alichopewa, akala na asichopewa.

Halafu palikuwa na Bi Nguchiro. Mmewahi kumwona nguchiro? Kamwili kadogo, miguu mifupi, macho hayatulii. Ukimrushia jiwe, jiwe linatua wakati yeye ameshafika nyumbani kwako na anawasalimia watoto. Alikuwa na binti mmoja, Siwema, na Siwema alikuwa anachechemea.

Msiniulize kwa nini, nawaambia sasa hivi. Watoto wa Manyasi walipenda mchezo mmoja tu, mpira wa rungu. Mmoja anarusha mpira wa katani, mwingine anausubiri na rungu lake. Akiukosa, wanamzomea. Akiupata, paaa! anatupa rungu chini na kutimua mbio, aguse kituo cha kwanza, cha pili, cha tatu, mpaka arudi pale alipoanzia, panapoitwa nyumbani, kabla wenzake hawajauokota ule mpira. Ungewaona wanavyokimbia, ungesahau mboga jikoni.

Ila uwanja hawakuwa nao. Walicheza kwenye njia ya kwenda mtoni, na njia ile ndiyo aliyopita Kiboko. Siku moja Siwema alipiga mpira mpaka vichakani. Ameshagusa vituo vitatu, anarudi nyumbani mbio, mara ardhi ikaanza: ndi! ndi! ndi!

"Kiboko huyo! Kimbieni!"

Wenzake wakatawanyika. Siwema hakuwahi. Kiboko akamkanyaga mguu, akapita, akaenda zake kuoga. Hakugeuka. Hata pole hakusema.

Bi Nguchiro alimkanda binti yake kwa maji ya moto siku saba, na siku zote saba hakufoka wala hakulia. Mnaomjua mama aliyenyamaza mnajua hapo pana jambo. Siku ya nane alikwenda kwa Kobe.

"Hodi hapa!"

"Karibu, shemeji. Taratibu, utanivunjia kizingiti."

"Shemeji, lile pori la wote pale katikati ya bonde, lina mwenyewe?"

"La wote litakuwaje na mwenyewe? Ni la wote."

"Basi mimi na wewe tumo humo. Jumamosi tunalifyeka. Tunawatengenezea watoto uwanja."

Kobe akatoa kichwa chote nje. "Lile lenye upupu? Lenye kile kisiki cha mkuyu? Sisi wawili?"

"Unahesabu nini hata hatujaanza? Watakuja wengine."

Na kweli wakaja. Jumamosi ya kwanza Bi Nguchiro alipuliza baragumu, puuuuu! wakaja sita. Jumamosi ya pili wakaja kumi na watano. Hakuna aliyeburutwa, wala hakuna aliyeahidiwa kitu. Kanga na dada zake walichakura magugu, chaku chaku chaku, huku wakilisengenya bonde zima. Fuko alisawazisha udongo kutokea chini. Ndezi walikata nyasi kwa meno. Kobe alifungiwa mfuko wa majivu wenye tundu, akatembea nao kutoka kituo hadi kituo akichora mistari. Mstari mmoja ulimchukua asubuhi nzima, lakini haukupinda hata kidogo, na aliyelalamika aliambiwa achore yeye.

Kitu kimoja tu kiliwashinda, kile kisiki cha mkuyu, katikati ya kituo cha pili na cha tatu. Walichimba. Wakakata mizizi. Wakasukuma wote kwa pamoja, "Hamasa! Eee! Hamasa! Eee!" Kisiki kimekaa tu. Kila mtoto aliyekimbia vizuri aligonga goti pale.

Sasa sikilizeni desturi yao ya kazi, na hapa asilale mtu. Kila Jumamosi, kabla ya kushika majembe, chungu cha makande kiliwekwa kando ya kituo cha kwanza, na juu ya mdomo wa chungu ukalazwa mpini wa jembe. Aliyetaka kula alilazimika kuuondoa mpini kwa mkono wake mwenyewe, kisha akaurudisha kwa ajili ya mwenzake. Akishauondoa, ameikubali kazi, haachi mpaka mwenye baragumu aseme, "Basi!"

Na sheria hiyo aliitunga nani? Kiboko! Eeh, Kiboko mwenyewe. Miaka mingi nyuma aliwaita wadogo wote wamchimbie bwawa. Wadogo wakala makande asubuhi, ilipofika saa nne hayupo hata mmoja. Kiboko akatoa pua majini, akamwambia Fisi aandike: chungu cha kazi kiwekewe mpini, auondoaye ameshika kazi, haachi mpaka mwenye baragumu aseme basi, atakayetoroka haingii tena barazani, na nafasi yake apewe anayemfuata. Akapiga chapa ya unyayo wake wenye tope, akarudi kulala. Bwawa lilichimbwa hadi likaisha, yeye hakutoka hata siku moja kukiona hicho chungu. Wadogo ndio waliobaki na desturi, wakaizoea, wakaipenda, kwa sababu iliwafukuza wavivu.

Mwezi wa tano uwanja ulikuwa uwanja. Vituo vya magunia ya mchanga. Uzio wa minyaa. Kilima kidogo katikati cha kusimamia mrushaji, na mrushaji alikuwa Siwema, kwa kuwa pale hapahitaji mbio. Mtoto aliyekuwa haondoki mlangoni kwao kwa aibu ya mguu sasa alikuwa akipiga kelele kuliko wote. Bi Nguchiro alikuwa akisimama kando ya mstari na ufagio wake, anamtazama, na moyo unamjaa.

Siku moja watoto walishangilia mno. Sauti zikafika bwawani. Kiboko akafumbua jicho moja.

Ndi! Ndi! Ndi! Akaja, Nyati kushoto kwake, Fisi nyuma na mkoba wa magome. Wakapita juu ya mstari wa Kobe bila hata kuuona. Michezo ikasimama.

"Shikamoo, Mheshimiwa," wakasema wote.

"Marahaba." Kiboko akazungusha macho uwanja mzima. "Pamependeza. Laini, pasafi, jua linapiga vizuri. Nani kapafyeka?"

"Sisi, Mheshimiwa," akajibu Kanga, na alifikiri wanasifiwa, masikini.

"Mmefanya vizuri. Lilipokuwa pori lilikuwa la wote. Sasa si pori tena, kwa hiyo ni langu. Lile bwawa limekuwa dogo. Jumamosi mtanichimbia la pili, hapa hapa katikati. Karani, andika."

Fisi akatoa gome. Watoto wakatazamana. Siwema alikuwa bado ameshika mpira.

"Hapana," akasema Bi Nguchiro.

Fisi akaacha kuandika.

"Umesemaje?" akauliza Kiboko.

"Nimesema hapana. Nirudie?"

"We mama!" Nyati akakwaruza ardhi. "Unajua unaongea na nani?"

"Namjua. Alipita juu ya mguu wa mwanangu akaenda kuoga. Uwanja huu tumeufyeka kwa mikono yetu, tumewashwa na upupu mpaka tumejikuna kwenye miti. Hamkuja hata kutuletea maji. Hamuupati."

Kiboko akacheka, hu hu hu! tumbo likatikisika mpaka vituo navyo vikatikisika. "Mpini wa jembe umekuzidi urefu, unaniambia siupati? Jumamosi asubuhi. Nikute majembe yamenolewa. Nikikuta mtoto hapa, nitapita palepale nilipopita siku ile, na sitaangalia chini."

Akageuka. Wakaenda. Mstari wa Kobe ulikuwa umefutika kabisa.

Hapo ndipo zogo lilipoanza. Kanga alitaka wahame siku hiyohiyo. Ndezi walisema bora wachimbe tu hilo bwawa, yaishe. Fuko alikuwa ameshazama chini, sauti yake ikasikika kwa mbali, "Mimi sipo!"

"Mama," akaita Siwema, "wakichukua hapa, tutacheza wapi?"

"Hapa hapa."

"Lakini wao ni wakubwa."

"Nimewaona." Bi Nguchiro akaokota ufagio. "Shemeji Kobe, wewe ulikuwepo bwawa likichimbwa. Hebu nikumbushe, siku zile Kiboko alikuwa anakula wapi?"

"Kula? Alikuwa analetewa kwenye ungo, kulekule majini. Ungo kwa ungo. Mimi mwenyewe nilipeleka, nikifika kimepoa, nikatukanwa."

"Hakuwahi kusogea kwenye chungu?"

"Asogee afanye nini na sisi wenye jasho?"

"Nyati je?"

"Naye hivyohivyo."

Bi Nguchiro akaanza kucheka. Akacheka mpaka akakaa chini, kihihihi! Kanga akasema, basi, hofu imemharibu akili, tumemkosa.

"Akili ninayo, dada yangu. Nataka mahindi, nataka maharage, nataka nazi na vitunguu. Vyungu vitatu vikubwa. Jumamosi tunapika makande ambayo bonde hili halijawahi kunusa."

"Uwapikie?" Kanga akaruka juu. "Wanatunyang'anya, halafu tuwapikie?"

"Sijasema nawapikia wao. Napika chakula cha kazi, kama Jumamosi zote. Kila chungu na mpini wake. Na mtu asiguse mpaka niseme."

Jumamosi ilifika. Makande yakachemka toka alfajiri, poto poto poto, nazi ikaitika, harufu ikapanda mpaka kilimani ikashuka upande wa pili. Bonde zima likajaa kandokando ya mistari, wadogo kwa wazee. Hakuna aliyepiga kelele. Vyungu vitatu vilikaa kando ya kituo cha kwanza, na juu ya kila kimoja ulilala mpini mweupe, umesuguliwa na viganja vya kazi.

Ndi! Ndi! Ndi! Wakafika. Hawakuwa wamekula kitu, maana safari ya kwenda kunyang'anya huwafanya watu waamke mapema.

"Shikamoo, Mheshimiwa," akasema Bi Nguchiro, kainama, baragumu limening'inia shingoni.

"Marahaba. Leo una adabu. Majembe yako wapi?"

"Yale pale, Mheshimiwa, yamenolewa. Ila niwieni radhi, mmetukuta hatujaanza. Chakula cha kazi ndicho kwanza kimeiva."

Pua ya Kiboko ikapanuka, ikanywea, ikapanuka tena. "Hicho ndicho kinanukia hivyo?"

"Makande tu, Mheshimiwa. Ya nazi. Lakini si yenu hayo."

"Si yetu?"

"Ni ya wafanya kazi. Ninyi ni wakubwa, nitawatafutia kitu kingine, niwaletee kwenye ungo. Kaeni pale kivulini."

Mnaona? Aliwaambia ukweli mtupu. Hakuna aliyedanganywa hapo.

"Bi Nguchiro," akasema Kiboko polepole, "uwanja huu wa nani?"

"Mheshimiwa, chakula hicho..."

"Nimekuuliza uwanja huu wa nani! Kama uwanja ni wangu, na kilichomo ni changu. Hakuna chungu kilichokaa kwenye ardhi yangu nikaambiwa si changu!"

"Nakusihi, Mheshimiwa, usikiguse. Kina mpini juu. Ngoja nikupakulie."

"Nani angoje? Na haka kamti ka nini hapa?"

Akaunyanyua mpini kwa pua, akaurusha kule, kwaa! Akazamisha mdomo. Nyam, nyam, nyam. Nyati akaona anaachwa, akaubwaga mpini wa chungu cha pili kwa pembe. Fisi akakisogelea cha tatu. Akasimama mbele ya ule mpini. Kuna kitu kilimkuna kichwani, kitu alichokiandika zamani kwa mkono wake. Akainua kichwa, akafikiri. Kisha upepo ukamletea harufu ya nazi. Akaung'ata mpini, akautema, akala mpaka akaingia chunguni, mkia tu ndio ukabaki nje.

Watoto walijiziba midomo. Kobe alijificha ndani ya gamba acheke vizuri.

Vyungu vikabaki vitupu. Kiboko akacheua, beeeu! "Haya. Chimbeni."

Bi Nguchiro akaweka baragumu mdomoni. Puuuuuu!

"Kazi imeanza!" akasema. "Mheshimiwa Kiboko, wewe utalaza ardhi. Bwana Nyati, kisiki kile pale kinakusubiri. Bwana Karani, beba mawe."

"Nini?" Kiboko akatoa macho. "Umelewa?"

"Mmeondoa mpini, wakubwa zangu. Mitatu, mmoja mmoja, mbele ya bonde zima. Nani hakuona?"

"Tumeonaaa!" likajibu bonde zima.

"Mpini gani? Mambo ya mipini yananihusu nini mimi?"

"Ni sheria, Mheshimiwa. Bwana Karani anayo mkobani. Asome."

"Asome!" akadakia Nyati haraka. Huyu alikuwa ameshakumbuka kile kipande cha nafasi kupewa anayefuata, na moyo wake ukaanza kumdunda kwa raha. "Soma, Karani, sheria ni sheria. Mwenyekiti wetu mwenyewe ndiye anayesisitiza."

Fisi akapekua, akatoa gome lililokauka. Akasoma kwa sauti inayopungua kila neno. "Auondoaye ameshika kazi... haachi mpaka mwenye baragumu aseme basi... atakayetoroka haingii tena barazani, na nafasi yake apewe anayemfuata." Akaligeuza. Chini palikuwa na unyayo mkubwa wenye vidole vinne, na tope lake.

"Unyayo wa nani huo, Mheshimiwa?" akauliza Bi Nguchiro.

Kiboko akautazama. Akautazama mguu wake. "Ile ilikuwa sheria yenu ninyi!" akanguruma. "Niliitunga kwa ajili ya wadogo!"

"Haikuandikwa wadogo. Bwana Karani, imeandikwa wadogo?"

"Imeandikwa 'auondoaye'," akanong'ona Fisi.

"Upuuzi! Mimi naondoka zangu!" Kiboko akainua mguu.

"Nenda, Mheshimiwa," akasema Nyati kwa sauti tamu mno. "Nenda kapumzike. Usijali kuhusu kile kiti."

Mguu wa Kiboko ukabaki hewani. Akaushusha. "Tangulia wewe, Nyati. Na wewe uliondoa mpini, nilikuona."

Nyati akaanza kugeuka, akamkuta Fisi anatabasamu meno yote. Nani anamfuata Nyati barazani? Fisi. Nyati akasimama palepale.

"Karani, wewe nenda basi," wakasema wote wawili.

"Nikienda mimi, nafasi yangu anapewa nani?" akauliza Fisi.

"Kobe," akasema Bi Nguchiro, "mkongwe wetu sisi wadogo."

Kobe akatoa kichwa. "Sina haraka," akasema. "Nendeni tu."

Hakuna aliyekwenda. Kila mmoja aliogopa kumwachia mwenzake nafasi, na kila mmoja akabaki. Jua likapanda.

"Hata hivyo," akasema Bi Nguchiro, "sisi tunaanza. Wakubwa wakipenda kusimama, wasimame, ila kusimama siyo kazi, na mimi siwezi kusema basi kwa kazi ambayo haijaanza."

Wa kwanza kukubali alikuwa Nyati, na si kwa hiari, kwa hasira. Alikivamia kile kisiki. Gwaa! Kisiki hakikutikisika. Akarudi nyuma. Gwaa! Mizizi ikalia, kra, kra, kra. Kwa mara ya tatu akaingiza pembe chini yake, akainua, macho yamemtoka, na ng'ooo! Kisiki kikang'oka na udongo wake wote, kikaanguka nje ya uzio. Watoto wakapiga yowe ambalo Nyati hakuwahi kupigiwa maishani, na, msimwambie mtu, alilipenda.

Fisi alibeba mawe, moja linafika, moja linamdondokea mguuni. Na Kiboko? Kiboko aliambiwa alale.

"Nilale?"

"Ulale, ujiviringishe, kutoka kituo cha kwanza hadi cha pili. Udongo pale bado una mabonde, na sisi hatuna uzito. Wewe unao, hukuutafuta, leo utafaa."

Akajiviringisha. Bwata! Bwata! Bwata! Palipopita tumbo pakawa sawa kama sakafu iliyosiribwa. Kijasho kikaanza kumtoka kwenye paji, kikamshukia mdomoni. Akakilamba. Akashangaa. "Kina chumvi," akasema.

"Ndiyo ladha yake," akajibu Kanga, huku anachakura. "Karibu sana."

Mchana ukapita. Kazi ya vituo ikaisha, ya kisiki ikaisha, mifereji ya maji ya mvua ikaisha. Nyati akapumua. Fisi akalala chali.

"Haya, mama," akasema Kiboko, sauti imekwisha. "Uwanja wenu. Ni wa watoto, nimesema, nimepiga chapa, andikeni popote. Sema hilo neno."

Bi Nguchiro akaangalia. Alitamani kulisema. Kumwona mkubwa anahema vile, hata yeye alimwonea huruma kidogo, robo ya kijiko hivi. Kisha akavua baragumu shingoni, akamvika binti yake.

"Mwenye baragumu sasa ni Siwema. Mwombe yeye."

Siwema akachechemea mpaka mbele ya lile pua kubwa. Alimwachilia Nyati kwanza. "Bwana Nyati, basi. Ahsante kwa kisiki." Nyati akaondoka, hakukumbuka hata kukitazama kiti cha mtu. "Bwana Karani, basi. Gome tunabaki nalo sisi." Fisi akachomoka, fyuu!

Kiboko akasubiri.

"Mheshimiwa," akasema Siwema, "unanikumbuka?"

"Nikukumbuke wapi, mwanangu?"

"Njia ya mtoni. Nilikuwa nimebakiza hatua tatu nifike nyumbani."

Kiboko akashusha macho. Akauona mguu. Nafikiri ndiyo mara ya kwanza maishani mwake kuangalia chini. Bi Nguchiro akaukaza ufagio mkononi.

"Pole," akasema Kiboko.

"Ahsante," akasema Siwema.

Akainua baragumu. Kiboko akainuka kwenda zake. Siwema akatazama kule mbali, nyuma ya kituo cha pili, ambako mipira mirefu huenda kudondokea.

"Majani ya kule bado marefu," akasema. "Mipira yetu inapotea. Uyakate mafupi kwanza, ndipo tutazungumza."

"Nikiyakata, yataota tena!"

"Ndiyo," akasema Siwema. "Yanaota kila siku."

Watoto walichelewa kurudi majumbani siku ile. Siwema alishika rungu, mtoto wa Kanga akamrushia, paaa! Mpira ukapita vichwa vyote. Akakimbia kwa mguu wake uleule, chechemu chechemu, kituo cha kwanza, cha pili, peupe pale palipokuwa na kisiki, cha tatu, na mpira unarudi, na wenzake wanapiga kelele, na njia nzima hakuna wa kumkanyaga. Akaruka, akatua nyumbani kwa miguu yote. Bi Nguchiro, ambaye hakulia siku ile mguu uliposagika, alilia hapo mbele ya watu wote, na ufagio mkononi.

Basi ninyi mkipita mtoni jua likiwa linazama, mtamwona kiboko anatoka majini, anakwenda kwenye nyasi, anazikata chini kabisa, fupi, sawasawa, kama uwanja wa mchezo. Siwema alikua, akawa na watoto wake, akawaachia baragumu, nao wakawaachia wana wao, na katika wote hao hakuna aliyesema lile neno.

Nanyi mshike hili tu: usimtungie mwenzako sheria ambayo wewe mwenyewe hutaki kuishi nayo.